Mashini za Moshi: Asili Yao ni Wapi?

Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama na watu wa mji, Kisangani



Kuna neno linazunguka huko Ulaya. Wapenzi wa reli wanasema mashini za zamani za gari la moshi zirudishwe katika nchi zao za asili. Tena si maneno matupu. Mwaka 2007 mji wa Glasgow ulipokea mashini namba 3007, iliyotengenezwa huko mwaka 1945 ikafanya kazi Afrika ya Kusini. Manchester nayo ilichukua kutoka nchi hiyo hiyo mashini moja kubwa ya Garratt, namba 2352. Zimewekwa chini ya paa na watoto wa shule wanakwenda kuzitazama. Hatuna wivu. Mafundi wa miji ile walizifua kwa mikono yao, na wajukuu wao wana haki ya kuona kazi ya babu zao.

Lakini siku neno hilo litakapofika ng'ambo kule Lubunga, kwenye stesheni yetu, tutajibu nini?

Kwanza tuulize maana ya asili. Kati ya Ubundu na hapa kwa Wagenya mto unaanguka mara saba, na meli haiwezi kupita. Kwa sababu hiyo tajiri Empain wa Ubelgiji na wenzake waliunda kampuni ya CFL mwaka 1902. Tarehe 1 Septemba 1906 ilifunguliwa reli ya kilomita 125, toka Stanleyville mpaka Ponthierville, ndiyo Kisangani na Ubundu za leo. Na ni nani aliyelipa? Serikali ya Leopold iliipa kampuni hekta milioni nne za ardhi, tena ikawahakikishia wenye hisa faida ya asilimia 4. Hekta milioni nne za nani? Si za Leopold. Ninyi watu wa migodi mnaijua vema hesabu ya namna hii: ardhi inatoka kwetu, faida inaandikwa Brussels, na mwisho tunaambiwa tushukuru kwa kuletewa maendeleo.

Mashini ilikuja na chuma tu. Moto wake ulitoka katika msitu huu. Watu wetu walikata kuni, wakapanga magogo kando ya njia, wakabeba mataruma mabegani chini ya macho ya kapita, wakalisha tanuru mchana na usiku. Mtu akisema asili ya mashini ni pale ilipofuliwa, amehesabu miezi michache ya kiwandani, akaacha miaka yote ya jasho.

Wengine watasema: ninyi mlidai Ubelgiji irudishe vitu vyenu, mbona vya kwao hamtaki kurudisha? Neno hilo linaonekana zuri mpaka ulipime. Tarehe 20 Juni 2022, huko Brussels, jino la Patrice Lumumba lilikabidhiwa kwa watoto wake, kisha likapita hapa Kisangani, na tarehe 30 likazikwa Kinshasa. Jino lile lilikuwa kiungo cha mtu aliyeuawa, nalo lilichukuliwa na polisi Mbelgiji. Mashini hatukuiba kwa mtu. Ililetwa na wenyewe, ikalipwa kwa ardhi na kazi yetu. Haya mambo mawili hayawekwi katika mizani moja.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Ndugu mmoja ameniuliza: je, chuma kikae kwetu kioze, au kiuzwe kwa kilo? Swali lake ni la haki. Mvua yetu haina huruma, na mnunuzi wa chuma chakavu hasomi historia. (Kutu si tabia ya Mwafrika, ndugu zangu. Uingereza yenyewe iliacha gari la moshi la mvuke mwaka 1968 na kukatakata maelfu ya mashini zake.) Lakini tukisema "ni yetu" na hatuinui hata bati moja juu yake, maneno yetu ni upepo. Nairobi wana nyumba ya makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Ndani yake imo mashini inayoitwa Mount Gelai, yenye uzito wa tani zaidi ya 250, iliyotengenezwa Manchester. Imebaki mahali ilipofanyia kazi, na Mkenya anamwonyesha mtoto wake bila kupanda ndege.

Tena, kama nyumba ya makumbusho ya Ubelgiji inahitaji mashini moja, na ije tuzungumze kama watu wenye mali na watu wenye haja. Isiite jambo hilo kurudisha. Sisi pia tuna haja. Kabla ya uhuru, mwaka 1960, karatasi nyingi za utawala zilifungwa katika masanduku na kupelekwa Brussels. Na tuletewe yale yanayohusu reli: ramani, picha, daftari za wafanyakazi na za waliokufa kazini. Chuma kimoja kwa majina yale, mimi ningekubali kuzungumza. Bila majina, hapana.

Basi naomba hivi. Vijana wavuke mto, wahesabu kila kipande cha mashini za zamani kilichobaki Lubunga, na waandike namba zake. Wawakute wazee wa reli, au watoto wao, waandike majina na kazi ya kila mmoja. Halafu barua ipelekwe kwa SNCC, yenye njia ile, kuiomba isiuze chochote kabla ya kutusikiliza. Anayejua kuandika vizuri abaki hapa baada ya mkutano.