Mlipuko Mzuri Hauvunji Nyumba ya Jirani

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wakazi wanaoishi karibu na machimbo ya mawe



Tunahitaji kokoto za kujenga barabara, madarasa na zahanati. Nanyi mnahitaji kulala bila hofu ya ukuta kupasuka. Yote mawili yanawezekana, mradi ulipuaji ufanywe kitaalamu.

Wengi hudhani baruti ikiwa nyingi, kazi inakuwa nzuri. Sivyo. Katika miaka ya 1970 na 1980, watafiti nchini Marekani walifanya majaribio ya kulipua miamba yenye mafuta huko Colorado. Walitaka mwamba uvunjike ardhini kwa vipande vinavyolingana, ili hewa na joto vipenye na mafuta yatoke. Kwa kazi kama hiyo, wingi wa baruti hautoshi: nafasi kati ya mashimo, kina chake na muda wa kulipua kila shimo lazima vipimwe.

Hata machimboni kwetu kanuni ni hiyo. Baruti ikishatiwa, mdomo wa shimo huzibwa kwa kokoto ndogo ili nguvu isitorokee juu. Mashimo nayo hupishana kulipuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ili mtikisiko usije kwa mkupuo mmoja. Nguvu inayotikisa nyumba yako ni nguvu ambayo haikuvunja jiwe. Na mawe yakirukia shambani mwako, kuna jambo lililokosewa.

Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inataka baruti ishughulikiwe na wenye leseni. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo zinaweka kikomo cha sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa machimbo.

Basi fanyeni hivi. King'ora kikilia, ondokeni na watoto, mkae mbali hadi mtangaziwe kuwa ni salama. Msiguse waya au kifaa kilichobaki machimboni. Pigeni picha za kuta zenu sasa, kabla ya mlipuko mwingine. Nyufa zikitokea, andikeni tarehe na saa, kisha mpeleke taarifa kwa chifu, msimamizi wa wadi na NEMA. Lalamiko lenye picha na tarehe ni vigumu kulipuuza.