MIZANI YA UMEME

Hotuba ya Kamati ya Umeme wa Jua, iliyosomwa mbele ya Wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mingi katika maisha ya mbuyu, lakini kwa chama cha wakulima ni muda wa kutosha kumtambua mwanachama wa kweli na yule aliyekuja kwa ajili ya gawio tu. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za pamba, mpunga, maghala na hesabu. Sisi tumeagizwa kusema juu ya umeme wa jua, ambao vijiji vyetu vya kando ya ziwa vinautamani sana. Neno letu kubwa ni hili: mitambo hununuliwa na kufungwa kwa majuma machache, lakini mpango, ardhi, vibali na mkataba vikikosewa, hasara yake twaweza kuwarithisha wajukuu.

Turuhusuni tuanze na habari ya mizani. Zamani, kabla vyama vyetu havijasimama, wakulima wengi wa Usukuma walinung'unika kwamba mizani ya mchuuzi ilisoma kama apendavyo mchuuzi. Mkulima alifikisha pamba yake, akauona mshale ukitikisika, akatajiwa uzito, akahesabiwa fedha, akarudi kwake. Kuisoma mizani hakujua, na kuuliza aliogopa. Ndipo wakulima walipotaka wawe na wapimaji wao wenyewe. Vyama vya msingi vikaota, na mwaka 1955 ikaundwa hapa Mwanza Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa jina la VFCU, Bwana Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Basi ushirika katika nchi hii ya ziwa ulianza kwa mtu kutaka kuisoma mizani inayopima jasho lake.

Sasa tuwaambieni yaliyotupata sisi wenyewe. Mwaka jana tuliletewa karatasi na watu waliotaka kutujengea kituo cha umeme wa jua. Kurasa zilikuwa nyingi, na zote kwa Kiingereza. Tuliambiwa ardhi ni ekari chache tu karibu na mwalo, na kwamba sahihi zinatakiwa kabla ya Ijumaa, kwa maana fedha za wafadhili zisingengoja. Twakiri mbele yenu kwamba baadhi yetu tulikuwa tayari kutia sahihi. Tulikuwa tukifikiri juu ya zahanati, ambapo akina mama hujifungua kwa mwanga wa tochi, na juu ya wavuvi ambao samaki wao huoza kwa kukosa barafu.

Alikuwapo mzee mmoja katika kikao kile, ambaye ujanani alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi. Alimsikiliza kijana wetu akizifasiri zile kurasa mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, nimesikia habari za ardhi yetu, na miaka yake, na sahihi zetu. Katika karatasi hii, mizani iko wapi?"

Tukarudia kusoma. Bei ya uniti haikutajwa. Haikuandikwa ni nani atakayeikagua mita, wala ni nani atakayenunua betri mpya zile za kwanza zikichoka. Kesho yake tulikwenda tukapima kwa kamba ile ardhi iliyowekwa alama. Tukaona kwamba sehemu yake kubwa iko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mahali ambapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu. Tena inakata njia ambayo ng'ombe wetu huteremka kunywa maji. Tukaandika kuomba muda na kuomba mahali pengine. Hata leo majibu hayajaja, na wako wanachama wanaotulaumu kwamba tumewafukuza wageni. Kwa sababu hiyo twadaiwa maelezo, nanyi mna haki ya kuyapata.

Ndugu Wanachama, hatukutaka kusema kwa kubahatisha, ndiyo maana tulitazama kisiwa cha Ukara, katika wilaya ya Ukerewe. Wakulima wa Ukara wanasifiwa tangu zamani kwa kutia mashamba samadi na kufuga ng'ombe zizini, kwa kuwa ardhi yao ni haba na watu ni wengi. Jina la kijiji chao cha Bwisya lilisikika duniani kwa msiba wa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka na zaidi ya roho 200 zikapotea, Mungu awarehemu. Lakini kijiji hicho hicho kilitangulia kuwa mwalimu wetu katika jambo la umeme. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME, ambayo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha hapa Mwanza kilikuwa mmoja wa wabia wake, iliwasha Bwisya kituo cha paneli za jua na betri, pamoja na injini ya dizeli ya akiba. Nyumba na maduka yakapata taa, mashine zikazunguka, na baadaye yakafunguliwa mafriza ya kugandisha sato wa wavuvi ili wauzwe mbali.

Hayo ni mema, na hatuna budi kuyasifu. Shida ilikuja juu ya bei. Gharama za paneli, betri, nguzo na mafundi katika mtandao mdogo zinabebwa na wateja wachache, hali TANESCO inazigawanya gharama zake kwa nchi nzima. Kwa hiyo uniti moja kisiwani iliuzwa mara nyingi zaidi ya bei ya mjini, na watu waliuliza kwa nini maskini wa kisiwani alipe kuliko tajiri wa Mwanza. Swali hilo lilikuwa la haki. Mwaka 2020 Serikali iliagiza bei katika mitandao midogo ishuke hadi shilingi 100 kwa uniti, sawa na aliyotozwa mteja mdogo wa TANESCO wakati ule. Wateja walifurahi. Wenye mitandao nao walisema kwamba bei ile haitoshi kulipa gharama, na wawekezaji wengi wakasita kujenga vituo vipya.

Sisi hatukai hapa kuhukumu kati ya pande hizo mbili. Twasema tu kwamba pengo kati ya gharama na bei halifi kwa kunyamaziwa. Lazima alilipe mtu: ama mteja, ama Serikali kwa ruzuku, ama mwenye mtambo kwa hasara yake, na kama hakuna alipaye, basi betri ndizo hulipa, na taa zikazimika. Jambo hilo lajadiliwa na kuandikwa kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Basi ni hatua gani za kufuata? Tumezipanga kwa mfuatano wake.

Kwanza, tujue haja yetu kwa hesabu. Taa ya siku hizi yatumia wati 5 hadi 10, lakini mota ya mashine ya kusaga yaweza kutaka kilowati 7 hadi 15, yaani nguvu za taa mia kadhaa, pengine zaidi ya elfu. Kijiji kinachosema "twataka umeme" bila kuhesabu taa, mashine, pampu na mafriza, kitajengewa mtambo mdogo usiotosha, au mkubwa usiolipika. Tena tupange saa: kusaga na kupampu kufanywe mchana jua likiwa kali, ili betri zibaki kwa ajili ya usiku na zahanati.

Pili, ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji, nao ni mkutano wa watu wazima wote wa kijiji, wake kwa waume. Na ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ya matumizi mengine ya taifa, sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba isihamishwe mpaka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa vimekubaliwa. Ndugu zetu wa Kishapu, mkoani Shinyanga, ambao ni wakulima wa pamba kama sisi, wameupokea kijijini Ngunga mradi wa TANESCO uliopangwa kufikia megawati 150. Wetu ni mdogo mno ukilinganishwa na huo, lakini ekari moja ya mjane ina uzito ule ule mbele ya sheria.

Tatu, mazingira na maji. Mradi hupelekwa kwa mamlaka ya mazingira, ili ijulikane kama unahitaji tathmini kamili ya athari. Na tukitaka kuvuta maji ya ziwa kwa pampu za kumwagilia mpunga na mboga, kinatakiwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Jua ni la bure. Maji ya ziwa yana wengi wanaoyategemea, pamoja na nchi jirani.

Nne, EWURA. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, mtambo usiofika megawati moja hausumbuliwi na leseni kama mitambo mikubwa. Hata hivyo haukuachwa huru: husajiliwa, nao hufuata kanuni za usalama na za bei. Asiwadanganye mtu kwamba mradi mdogo hauhitaji karatasi. Na ruzuku za nishati vijijini huombwa kwa Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na Sheria ya mwaka 2005; maombi yenye hesabu safi ndiyo yasomwayo.

Tano, Chama chenyewe. Kama tutakopa, ukomo wa madeni hupitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Tusione taabu juu ya hilo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 kwa amri ya Serikali, vikarudi katika miaka ya 1980, kisha madeni yakaviandama. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi watu wa pamba tumeyaona kwa macho.

Ndugu Wanachama, labda mtauliza kama wakulima waweza kumiliki umeme wao wenyewe. Waweza. Huko Ludewa, katika mkoa wa Njombe, wananchi wa vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi waliunda jumuiya ya watumiaji umeme iitwayo LUMAMA, inayoendesha mtambo wa maji uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia. Wao wana mto. Sisi tuna jua. Jambo la kuiga kwao ni watumiaji kuwa na daftari na sauti yao.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele yenu maombi manne. Mosi, pasitiwe sahihi yoyote juu ya ardhi mpaka Mkutano wa Kijiji umekaa na muhtasari wake umeandikwa. Pili, kila mkataba uwe na nakala ya Kiswahili, usomwe kwa sauti mkutanoni, na nakala moja ikae ofisini mahali mwanachama yeyote aweza kuisoma. Tatu, mkataba utaje bei ya uniti na namna ya kuibadili, mkaguzi wa mita, mfuko wa kununua betri, na jambo la kufanya Gridi ya Taifa itakapofika. Nne, utaje ni nani atakayeziondoa betri chakavu, maana nyingi zina risasi, nayo ni sumu kwa watoto na kwa samaki.

Twajua kwamba kungoja nako kuna gharama yake. Kila mwezi upitao, mama fulani hujifungulia gizani, na sisi tuliomba muda hatuwezi kunawa mikono juu ya hilo. Kwa hiyo hatuwaombi muda usio na mwisho. Twawaomba miezi sita: miwili ya kuhesabu haja na kupima ardhi mpya, juu kabisa ya ile alama ya mita 60, miwili ya mikutano ya vijiji, miwili ya kupeleka maombi ya vibali. Wakati huo huo, twaomba gawio la mwaka huu likatwe kidogo, ili zahanati ifungiwe paneli zake yenyewe na betri yake, jambo ambalo ni dogo na lililo ndani ya uwezo wetu.

Miezi sita ikipita nasi hatuna la kuwaonyesha, tuondoeni kwenye Kamati. Lakini tukileta mkataba, mtu wa kwanza kusomewa awe yule mzee wetu karani wa mizani. Akisema ameiona mizani, na kwamba yasomeka, ndipo tutakapotia sahihi.

Udumu Ushirika.