Malezi ya Watoto wa Wafanyakazi na Kodi ya Waajiri

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kilifi



Kila mwaka kazi yangu katika mkutano huu ni kusoma hesabu: michango iliyoingia, rambirambi zilizotolewa, na misaada ya karo. Mwaka huu kamati imeniagiza niongeze neno juu ya jambo lisilomo katika vitabu vyetu vya hesabu, ingawa gharama yake twailipa sote. Nalo ni malezi ya watoto wachanga wakati mama zao wako kazini.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Zamani mikono haikupungua. Mama alipokwenda shamba, nyumbani alibaki bibi, au shangazi, au jirani. Leo binti zetu huondoka alfajiri kwenda kazini katika mahoteli ya Watamu na Malindi, katika viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, katika mashamba ya mkonge ya Vipingo, na katika maofisi ya mji huu. Wengi wamepanga vyumba mbali na wazazi wao. Bibi yuko Ganze au Bamba, na mjukuu yuko Mtwapa. Je, mkono wa pili u wapi?

Mniwie radhi nikitoa mfano wa nyumbani kwetu. Dada yangu mdogo alikuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli moja ya pwani hii. Alipojifungua alipata likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyoamuru. Likizo ilipokwisha, yaya aliyemtafuta alitaka karibu nusu ya mshahara wake. Basi akamwambia binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la nne, akae nyumbani na mtoto kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa muhula mzima. Muhula ule ule mimi nilikuwa nikiandika kwa mkono wangu orodha ya watoto waliosaidiwa karo na Chama hiki, nisijue kwamba mpwa wangu mwenyewe haendi shule. Mjomba mtu hupaswa kujua. Tangu siku ile nimejifunza kwamba mtoto mchanga akikosa mlezi, mara nyingi ni mtoto wa kike aliye mkubwa kwake anayelipa deni hilo.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawaagiza waajiri wote waweke chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi, chenye maji ya kunawa mikono, kitu cha kuhifadhia maziwa yasiharibike, meza ndogo na viti vya kukalia. Tena inampa mama anayenyonyesha nafasi ya mapumziko isiyozidi saa moja katika kila saa 8 za kazi, mbali na wakati wa chakula. Hayo ni maneno mazuri. Lakini kuandika sheria ni jambo moja, na kuitimiza ni jambo jingine. Mnakumbuka kwamba mwezi wa Agosti 2019, Mheshimiwa Zuleika Hassan, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi 5, akaamriwa atoke. Ikiwa hayo yalimpata Mbunge ndani ya nyumba inayotunga sheria, mpishi wa hoteli ataambiwa nini?

Kosa moja, kwa maoni yangu, ni kwamba mwajiri ameagizwa atoe gharama, na wala hakuonyeshwa atapunguziwaje mzigo. Nchi ya Ufilipino ilipotunga sheria yake ya vyumba vya kunyonyeshea mwaka 2010, ilisema pia kwamba mwajiri wa binafsi aliyetimiza wajibu huo aweza kuondoa katika hesabu ya faida yake, kabla ya kutozwa kodi, hata mara mbili ya gharama aliyotoa. Sheria iliamuru kwa mkono mmoja, ikasaidia kwa mkono wa pili.

Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni hesabu za mishahara, naomba niwaeleze jambo hili kwa tarakimu. Kodi ya makampuni nchini ni asilimia 30 ya faida. Tuseme kampuni imetumia shilingi 100,000 kumlipa mlezi na kutunza chumba cha watoto. Gharama hiyo ikikubaliwa kuwa ni ya kuendesha biashara, faida inayotozwa kodi hupungua kwa shilingi 100,000, na kodi hupungua kwa shilingi 30,000. Kampuni imebeba shilingi 70,000. Lau sheria ingeiruhusu iondoe gharama hiyo na nusu yake zaidi, yaani shilingi 150,000, kodi ingepungua kwa shilingi 45,000, na kampuni ingebeba 55,000. Lau ingefuata mfano wa Ufilipino, kodi ingepungua kwa shilingi 60,000, na mzigo wa kampuni ungekuwa 40,000 tu.

Wala tusidhani kwamba jambo la namna hii ni geni Kenya. Sheria ya Fedha ya mwaka 2015 iliwaruhusu waajiri waliochukua wahitimu wa vyuo vikuu wasiopungua 10 kwa mafunzo ya kazi, kwa miezi 6 hadi 12, waondoe katika hesabu ya faida nusu zaidi ya mishahara waliyowalipa vijana hao. Ikiwa Serikali iliona vema kumtuza mwajiri anayemfundisha kijana kazi, haikosi itaona vema kumtuza yule anayemwezesha mama kubaki kazini.

Hata kwa mfanyakazi mwenyewe, kodi yapasa kuangaliwa. Mwajiri akimpa mfanyakazi faida isiyo fedha taslimu, thamani yake yaweza kutozwa kodi kama mshahara. Sheria ya kodi ya Desemba 2024 ilipandisha kiwango kisichotozwa kutoka shilingi 36,000 hadi 60,000 kwa mwaka, faida zote za namna hiyo zikijumlishwa. Twaomba malezi ya mtoto yatengwe kabisa na hesabu hiyo, kama Uingereza ilivyofanya tangu 1990 kwa nyumba za watoto zinazowekwa na waajiri.

Lakini, wazee wangu, nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Msamaha wa kodi peke yake hautatosha. Marekani ina punguzo la kodi la namna hii tangu 2002. Lilikuwa asilimia 25 ya gharama za malezi, lisizidi dola 150,000 kwa mwaka. Hata hivyo, hesabu za mwaka 2016 zilionyesha kwamba makampuni yaliyolidai hayakufika 300 katika nchi nzima. Mwaka 2025 walitunga sheria ya kulipandisha hadi asilimia 40, na asilimia 50 kwa waajiri wadogo, nayo yawaruhusu wadogo kuungana kuweka nyumba moja ya watoto. Tujifunze hapo mambo mawili. Kwanza, gharama ya kuanza ni kubwa, na punguzo huja baadaye, baada ya fedha kwisha kutoka mfukoni. Pili, asiye na faida hana kodi ya kupunguziwa, na asiye mwajiriwa hana mwajiri wa kumwombea.

Na hao ndio wengi kwetu. Mama anayeuza samaki Mnarani, anayesuka makuti Rabai, anayebeba mawe katika machimbo, anayekaanga mihogo kando ya barabara, yeye hana karatasi ya mshahara. Tukidai msamaha wa kodi peke yake, tutakuwa tumemsaidia aliye ndani ya nyumba, na aliye barazani tumemwacha mvuani.

Kwa hiyo yatupasa kugonga milango miwili. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Mlango wa kodi uko Nairobi, bali mlango wa ruzuku uko hapa hapa Kilifi. Kaunti yaweza kutoa chumba karibu na soko au kituo cha magari, au kumlipa mlezi mmoja mwenye mafunzo, nao waajiri wadogo wa mtaa na mama wa sokoni wakachangia sehemu iliyobaki. Nyumba moja ikawa ya mtoto wa mhudumu wa hoteli na ya mtoto wa muuza samaki.

Najua kuna wazee watakaouliza, Je, mahali pa mama si nyumbani na mwanawe? Sipingi, na wala sina haki ya kuwapinga. Lakini mama huyo hakwenda kazini kwa anasa. Amekwenda kutafuta unga. Wengine watauliza, Kwa nini tajiri mwenye hoteli asamehewe kodi yetu? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba asisamehewe kwa ahadi. Asamehewe kwa risiti, baada ya mkaguzi kuona chumba, mlezi na watoto.

Basi naomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Moja, Chama kipeleke maombi ya maandishi juu ya msamaha huo kabla ya Muswada wa Fedha, ambao hufikishwa Bungeni kufika tarehe 30 Aprili kila mwaka. Mbili, wazee watatu na mama watatu wateuliwe kwenda kusema mbele ya Kaunti, maoni ya wananchi yanapochukuliwa kabla ya mpango wa fedha wa Februari. Tatu, Chama chenyewe kianze na kilicho mkononi: ukumbi huu tuliomo hukaa mtupu siku 5 za wiki. Kamati ichunguze kama waweza kutumika mchana kwa watoto wa wanachama, tuwe na jambo la kuonyesha tunapokwenda kuomba.

Mpwa wangu alirudi shule, lakini alirudia darasa. Mwaka mmoja wa mtoto umepotea, na hakuna safu ya kuuandika katika daftari langu. Nawaombeni tusiongeze wa pili.