Kijana Anahitaji Usingizi Kiasi Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lisekese, Masasi)



Mchana huu mkutano utaamua juu ya pendekezo la kuchangia taa za umeme wa jua, ili masomo ya usiku yaendelee hadi saa 6. Kwa sasa taa huzimwa saa 4 na nusu usiku, na kengele ya kuamka hupigwa saa 10 na nusu alfajiri. Nia ya pendekezo hilo ni njema, wala sikuja kupinga taa. Nimekuja kuzungumzia kitu ambacho hakimo katika hesabu ya Mweka Hazina, nacho ni usingizi wa vijana.

Baadhi yetu husema kwamba hata wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya usingizi. Ni kweli, na ubishi huo umefika hadi nchini kwetu. Mwaka 2015 kikundi cha watafiti, akiwamo Jerome Siegel wa Marekani, kilitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 94 wasiotumia umeme: Wahadzabe wa hapa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walivishwa vifaa vidogo mkononi, mithili ya saa, vya kupima mwendo wa mwili. Ikaonekana kwamba kwa wastani watu hao hulala kati ya saa 5.7 na saa 7.1 tu kwa usiku, tena hawasinzii jua likizama, bali hukaa zaidi ya saa 3 kwanza. Wengi wakashangilia wakisema: kumbe habari ya kulala saa nane ni anasa ya watu wa mjini! (Nisemapo saa nane, ndugu zangu, nasema muda wa saa 8. Sisemi saa nane za usiku, maana hizo vijana wetu wanazijua mno.)

Lakini tusome taarifa hiyo hadi mwisho. Muda tangu watu hao waliposinzia hadi walipoamka ulikuwa kati ya saa 6.9 na saa 8.5. Mtu akilala huamkaamka, hugeuka, husikiliza mbwa wanaobweka. Kwa hiyo anayetaka saa 6 au 7 za usingizi halisi sharti ajilaze kwa muda mrefu zaidi ya huo. Sehemu ya ubishi wa wataalamu imo humo: mmoja anahesabu kitanda, mwingine anahesabu usingizi.

Uchunguzi mwingine wa Wahadzabe, uliotolewa mwaka 2017, ulifuata watu wazima 33 kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima alikuwapo aliye macho, kama ilivyo kwetu mtu akiwa juu ya dungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe. Sababu mojawapo ni umri: wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa. Basi kijana anayeshindwa kuamka alfajiri si lazima awe mvivu. Mwili wa umri wake ndio unaomchelewesha.

Jambo kubwa, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba uchunguzi huo wote miwili ulihusu watu wazima. Kwa watu wazima ubishi upo. Mwaka 2015 vyama vya wataalamu wa usingizi vya Marekani vilishauri saa 7 au zaidi, na wapo wanaoona hiyo imezidi. Lakini kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, chama kimojawapo kilishauri mwaka 2016 saa 8 hadi 10. Vijana wetu leo wanapata 6. Tukipitisha pendekezo kama lilivyo, watapata saa 4 na nusu.

Mtaniambia kwamba wamezoea. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na David Dinges wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya watu wazima walioruhusiwa kulala saa 6 tu kwa siku 14. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili mfululizo. Lakini wenyewe walipoulizwa, walijiona wamesinzia kidogo tu. Mtu hazoei kukosa usingizi. Anachozoea ni kutotambua kwamba amepungukiwa. Na usingizi ndio wakati ambao ubongo huimarisha yale yaliyofundishwa mchana, kwa hiyo saa tunayoiongeza darasani tunaiondoa palepale kichwani.

Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini anayeinama usiku kucha huamka na maumivu ya kiuno, na cha mvunguni bado kipo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, taa zinunuliwe, ila masomo yaanze mara baada ya chakula cha jioni na taa za bweni zizimwe saa 3 na nusu. Pili, kengele ipigwe saa 11 na nusu alfajiri, na usafi wa mazingira uhamishiwe jioni. Hapo tumepata saa 8 bila kuongeza shilingi. Tatu, fedha zitakazobaki zinunue vyandarua na magodoro, kwani mbu wa malaria huuma usiku, na anayejikuna hajalala.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.