Pamba Iliyobadilishwa Vinasaba: Manufaa Yake, Usalama Wake na Mfano wa Kilosa

(Matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Unguja na Pemba si visiwa vya pamba, na huenda mtu akajiuliza kwa nini suala la mbegu ya zao hilo liletwe mbele ya watu wa karafuu, minazi na mwani. Jawabu ni fupi. Kanga inayovaliwa hapa, mafuta ya kupikia yanayokamuliwa kutokana na mbegu za pamba, na mashudu wanayolishwa ng'ombe, vyote asili yake ni shamba la mkulima wa mahali pengine. Aidha, mbegu husafiri. Huvuka mipaka na bahari, na mtumishi aliyeko bandarini au katika shehia ndiye wa mwanzo kuulizwa na wananchi kama kitu hicho ni salama. Yafaa awe na la kuwajibu.

Mfano utakaotumika ni Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, pamoja na mji wa Mikumi uliomo katika wilaya hiyo. Pamba ilipandwa Kilosa tangu zama za utawala wa Wajerumani. Karibu na mji wa Kilosa kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kwa miaka mingi kilizalisha aina za pamba kwa ajili ya ukanda wa mashariki, wakati kile cha Ukiriguru, Mwanza, kikihudumia ukanda wa magharibi ambao ndio unaotoa sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania. Mikumi nayo imepakana na Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1964. Kwa hivyo utafiti, mkulima mdogo na mwitu vinakutana katika wilaya moja, na kila swali linalohusu mbegu hii linaweza kupimwa hapo.

Ndugu Wananchi,

Kwanza ieleweke kitu chenyewe ni nini. Katika udongo huishi bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Bakteria huyu hutengeneza protini ambayo, ikiliwa na aina fulani za viwavi, hutoboa utumbo wao na kuwaua. Wakulima wa nchi mbalimbali walimtumia kama dawa ya kupuliza kwa miongo mingi kabla ya uhandisi jeni kujulikana. Kilichofanywa na wataalamu ni kuchukua kinasaba kinachoamrisha protini hiyo na kukiingiza katika mmea wa pamba, ili mmea uitengeneze wenyewe. Mbegu hiyo ilianza kulimwa kibiashara nchini Marekani mwaka 1996, China mwaka 1997 na India mwaka 2002.

Adui anayekusudiwa ni funza wa vitumba, yule anayetoboa kitumba kabla hakijapasuka na kumwachia mkulima nyuzi chafu au kitumba kitupu. Dhidi ya adui huyu mbegu imethibitika kufanya kazi. Nchini Burkina Faso, ambako kilimo chake kilianza mwaka 2008, wakulima waliokuwa wakipuliza dawa mara sita kwa msimu walishuka hadi mara mbili, na mavuno yakaongezeka. Jambo hili si dogo, kwani dawa za pamba zimewadhuru wapulizaji wengi wasio na mavazi ya kinga. Miongoni mwa dawa hizo ni endosalfani, ambayo mataifa yalikubaliana mwaka 2011 iondolewe duniani.

Hata hivyo, mbegu hii haiui kila mdudu. Wadudu wafyonzaji, kama vile vidukari na kangambili, hawaguswi na protini hiyo. Hapa ndipo mazingira ya Mikumi yanapotoa funzo. Kangambili huzaliana pia katika mibuyu na miti mingine ya mwituni yenye nasaba na pamba, kisha huruka hadi mashambani vitumba vinapopasuka na kuzitia doa nyuzi. Mkulima anayelima karibu na pori na kuambiwa kwamba mbegu mpya imemaliza haja ya dawa, atakuwa ameambiwa nusu ya ukweli. Ukiriguru, kwa upande wake, ilipambana na wadudu wafyonzaji wa majani kwa njia ya kawaida ya kuchagua na kuzalisha mimea yenye majani ya vinyweleo. Maarifa hayo bado yana thamani.

Jambo la pili ni usugu. Funza wachache ambao kwa maumbile yao hawafi huendelea kuzaana, na baada ya miaka kadhaa wao ndio wanaobaki shambani. Ili kuchelewesha hali hiyo, hutakiwa kipande cha pamba ya kawaida kipandwe kando, ili funza wasio sugu wapate kuishi na kuchanganyika na wale sugu. Nchini India wakulima wengi hawakupanda kipande hicho, na msimu ukarefushwa. Mwaka 2010 kampuni yenyewe yenye mbegu ilitangaza kuwa funza wa rangi ya waridi katika jimbo la Gujarat alikuwa ameota usugu. Miaka michache baadaye hata mbegu yenye vinasaba viwili ilishindwa kumzuia. Kinyume chake, katika jimbo la Arizona, Marekani, sharti hilo lilifuatwa, nondo waliohasiwa wakaachiliwa mashambani, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa funza huyo ametoweka katika mashamba ya pamba ya nchi hiyo. Kinasaba kilikuwa kile kile. Kilichotofautisha matokeo ni nidhamu ya mashamba.

Kwa Kilosa maana yake ni bayana. Yuko funza wa vitumba anayekula pia mahindi na nyanya, mazao yanayolimwa wilayani humo, na mashamba hayo yanaweza kumtunza funza asiye sugu. Lakini funza wa waridi hutegemea zaidi pamba yenyewe, hivyo mahindi ya jirani hayatasaidia kitu. Dawa yake kubwa ni ile ile ya zamani: kung'oa na kuchoma masalia yote baada ya mavuno, na kuheshimu kipindi cha kutokuwa na pamba shambani.

Jambo la tatu ni ubora wa nyuzi. Burkina Faso, pamoja na mafanikio yaliyotajwa, iliamua kuachana na mbegu hiyo kuanzia mwaka 2015, kwa sababu aina za pamba zilizopandikizwa kinasaba zilitoa nyuzi fupi kuliko zile za awali, na bei sokoni ikaathirika. Kasoro haikuwa sumu wala maradhi. Ilikuwa ni kuchukua mbegu kabla ya kuihakikisha vya kutosha katika ardhi na soko la wenyeji.

Ndugu Wananchi,

Swali la usalama kwa walaji na wavaaji linastahili jibu la wazi. Uzi wa pamba ni selulosi. Anayevaa kanga hapati dhara kwa sababu ya kinasaba cha mmea. Mafuta yaliyosafishwa karibu hayabaki na protini yoyote. Protini inayoua funza hufanya kazi katika utumbo wa kiwavi, wenye hali tofauti na tumbo la mwanadamu, ambako humeng'enywa kama protini nyingine. Mwaka 2016 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani, baada ya kupitia tafiti nyingi, hazikupata ushahidi kwamba vyakula vya mazao ya uhandisi jeni vinamdhuru mlaji kuliko vyakula vya kawaida. Ikumbukwe pia kwamba mbegu ya pamba, iwe ya kawaida au iliyobadilishwa, ina sumu yake ya asili iitwayo gosipoli, na kwa ajili hiyo ndipo mafuta husafishwa.

Kwa mazingira, tahadhari ni kubwa zaidi. Chavua ya pamba ni nzito na haipeperushwi mbali na upepo, lakini nyuki huibeba. Pamba ya kawaida ya jirani yaweza kuchanganyika, na mkulima anayeuza pamba iliyothibitishwa kuwa ya kilimo hai akapoteza soko lake. Pamba za mwitu za Afrika Mashariki zina idadi ya kromosomu iliyo nusu ya ile ya pamba inayolimwa, na hivyo hazichanganyiki nayo kwa urahisi.

Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena iliyoanza kutumika mwaka 2003, na kanuni zake za usalama wa bioteknolojia zilitolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2015. Jaribio lililofika shambani lilikuwa la mahindi, Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwezi Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio hayo yasimamishwe, na Januari 2021 msimamo huo ulitiliwa nguvu. Kenya ilishika njia nyingine: Baraza lake la Mawaziri liliidhinisha pamba hiyo Desemba 2019, na wakulima wakaanza kuipata mwaka 2020. Kwa hivyo nchi mbili jirani zina sheria mbili na mpaka mrefu kati yake.

Yanayotokana na hayo ni haya. Mtumishi anayekuta shehena ya mbegu za pamba zisizo na hati ya asili na ya afya ya mimea asiiachie ipite kwa hoja kwamba visiwani hakulimwi pamba, kwani inaweza kuwa safarini kuelekea kwingine. Mkulima asinunue mbegu ya njiani kwa sababu ya sifa zake. Iwapo ni chotara, mbegu atakazoziweka kwa msimu ujao hazitatoa mmea kama ule wa mwanzo. Na mwananchi asiwatishe wenzake kwamba nguo au mafuta ni sumu, jambo lisilo na ushahidi.

Mkulima wa Kilosa hawezi kuahidiwa neema ya India ya miaka ya mwanzo, wala kutishwa kwa maafa ya miaka ya baadaye, maadamu mbegu hiyo haijapimwa katika udongo wa Ilonga, kwa wadudu wa Ilonga na kwa mvua zake. Kuzuia mbegu isiyopimwa ni haki ya nchi, na kuipima chini ya ulinzi nako ni haki yake. Lisilofaa ni kuamua kwa uvumi, kwani hasara ya uvumi huo, uwe wa kusifu au wa kutisha, humwangukia yule mwenye jembe.