Oda ya Korti Juu ya Shamba: Inazuia Nini, na kwa Muda Gani

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Syokimau)

Nimeombwa niseme juu ya ile karatasi tunayoiita oda, yaani amri ya muda ya korti ya kumzuia mtu asiuze, asijenge, asibomoe wala asiingie katika shamba linalogombaniwa. Mimi si wakili. Ni mfanyakazi wa huduma za jamii, na nitasema yale ambayo mwanakikundi afaa kuyajua kabla hajafika kwa wakili.

Mahali hapa pana jina la Syokimau, yule nabii wa Wakamba aliyetabiri nyoka mrefu atakayepita katika nchi. Nyoka huyo amekuja mara mbili, reli ya zamani na ile ya 2017, na kila akija bei ya ploti hupanda. Bei ikipanda, walaghai nao hawako mbali. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa hapa hapa Syokimau, katika ardhi ambayo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilisema ni yake. Wengi wa waliovunjiwa walikuwa na karatasi mkononi. Tena Oktoba 2023, kule Athi River, Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Machakos iliamua kwamba ardhi iliyogombaniwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na mwezi huo huo matingatinga yakaingia. Waliojenga pale wengi walisema wamenunua, wamelipa.

Sasa tuseme kikundi chenu kilinunua ekari mbili. Mmelipa, mna risiti, mmepanda mahindi. Siku moja mnakuta mtu anachimba msingi, anasema ameuziwa na anayo hati. Mkianza kupigana naye, polisi watawashika ninyi. Mkikaa kimya, kesi itakapokwisha miaka mingine ijayo atakuwa na ghorofa, au atakuwa ameuza kwa mtu wa tatu na wa nne. Hapo ndipo oda inapofaa: inaliweka shamba kama lilivyo mpaka ukweli ujulikane.

Lakini hakimu au jaji haitoi kwa sababu mmelia. Tangu kesi ya Giella na Cassman Brown ya mwaka 1973, korti zetu huuliza mambo matatu. Kwanza, je, madai yenu yana uzito ukiyatazama tu? Hapa ndipo risiti, mkataba wa mauzo, kibali cha bodi ya ardhi kama shamba ni la kilimo, na matokeo ya sachi kwa msajili wa ardhi yanapohitajika. Pili, je, mkinyimwa oda mtapata hasara isiyoweza kulipika kwa pesa? Mtu aliyevunjiwa nyumba au aliyefukuliwa kaburi la baba yake anaeleweka upesi. Mtu aliyenunua ploti ili aiuze tena ataambiwa pesa zinatosha. Tatu, korti ikibaki na shaka, itapima ni nani ataumia zaidi.

Mambo yakiwa ya haraka sana korti yaweza kutoa oda bila kumsikiliza upande wa pili. Tafadhali shikeni hapa, maana ndipo vikundi vingi huteleza. Oda ya namna hiyo hutolewa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, na kuongezwa kwake kunataka pande zote zikubaliane au korti iagize. Tena ni lazima mpinzani apelekewe ndani ya siku 3. Kikundi kinapata oda Jumatatu, kinachinja mbuzi, karatasi inakaa kwa kabati la katibu! Mpinzani ambaye hakuipata wala hakujua habari zake, mtamlaumu kwa kuivunja vipi? Mwenye kuipeleka aandike tarehe, saa na mahali, kisha aape kwa hati ya kiapo. Akiijua halafu aendelee kujenga, rudini kortini na picha. Korti yaweza kukamata mali yake au kumfunga jela hadi miezi 6. Ninyi msiende na mapanga kubomoa alichojenga.

Hata ile oda inayotolewa baada ya pande zote kusikilizwa ina mwisho. Kesi ikikaa miezi 12 bila kuamuliwa, oda huanguka yenyewe, isipokuwa korti ikiona sababu ya kuiendeleza. Kwa hiyo mwulizeni wakili tarehe ya kusikizwa kesi yenyewe, wala msiridhike na kuambiwa "oda bado iko". Na mkificha jambo ili mpate oda, kwa mfano kwamba mwaka jana mlishindwa kesi nyingine juu ya shamba hilo hilo, itafutwa, na gharama ni juu yenu.

Penye ulaghai kuna kazi nyingine ya kufanya siku hiyo hiyo: kuweka kosheni kwa ofisi ya ardhi ili hati isihamishwe kwa mtu mwingine. Wengi wanakimbilia kwa wakili na kusahau ofisi ya ardhi, na mimi naona ni kinyume. Pia tafuteni historia ya hati, ilitoka kwa nani na kwa njia gani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakubali hati ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au kwa njia isiyo halali, na Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilikataa hati ambayo mwanzo wake ulikuwa mbaya, ingawa mwenye kuishika alisema alinunua tu. Oda haiwezi kuiponya hati kama hiyo, iwe ni yake au ni yenu.

Mkienda kortini kama kikundi, viongozi huweka majina yao kwa niaba ya wote. Basi muwe na kumbukumbu za mkutano na sahihi za wanachama, asije mmoja akasema hakuulizwa. Asiye na pesa za wakili aulize Kituo cha Sheria, au ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016.

Sasa naomba maswali. Walio na oda mkononi waanze, maana siku zao zinahesabiwa.