Uhuru wa Kusema na Haki za Kila Mtu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya uhuru wa kusema. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la wakubwa wa Nairobi. Sivyo. Ushahidi wake uko hapa hapa kwetu, kando ya mto Tana, katika mji wa Hola.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa hata wakafa kwa sababu ya kazi ya kulazimishwa. Walikuwa wamefungiwa humo pasipo hukumu ya korti yo yote. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Maiti zilipochunguzwa, majeraha yalisema kweli. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, katika Bunge la Uingereza, Bibi Barbara Castle wa upinzani alidai jawabu. Na Bwana Enoch Powell, mtu wa chama kilichotawala, alisimama pia akawalaumu wenzake waziwazi.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mtu asiyefikishwa mbele ya hakimu hana mahali pa kusemea. Pili, anayeuliza si lazima awe adui. Huenda akawa ndugu wa nyumba moja.

Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, yampa kila mtu uhuru wa kusema. Lakini kifungu hicho hicho chakataza uchochezi na maneno ya chuki. Sisi tulioona damu ikimwagika katika Delta ya Tana mwaka 2012 twajua kwa nini.

Basi haki hii na ianzie katika mkutano wetu. Mwanachama akiuliza juu ya hesabu ya fedha, asinyamazishwe kwa kuwa ni kijana, wala kwa kuwa ni mwanamke. Naajibiwe kwa vitabu, na swali lake liandikwe pamoja na jawabu. Kama twaogopa swali la mwenzetu hapa barazani, tutawezaje kuiuliza serikali?